Injini ya Kufa Jumapili

Kila Januari, katika mji mdogo wa Eagle River, jimbo la Wisconsin, Marekani, watu ambao baadhi yao wana wajukuu hufunga kofia ngumu, hupanda pikipiki za theluji zilizoundwa nusu karne iliyopita na kuzishindanisha kwenye njia ya barafu yenye umbo la yai. Mzunguko mmoja ni nusu maili, yaani mita kama 800. Mji huo umekuwa ukiandaa mashindano ya ubingwa wa dunia tangu mwaka 1964, na siku hizi mashine za kale zina wikendi yake kabla za kisasa hazijaingia uwanjani. Penye mabanda ya mafundi kuna ubishi ambao umri wake ni sawa na wa mashine zenyewe: injini ichokonolewe mpaka itoe nguvu yote iliyomo, au iachiwe akiba ifike mwisho wa safari?

Ubishi huu kwa kawaida hupangwa kama mizani. Nguvu ikipanda upande mmoja, uimara unashuka upande wa pili, na kazi ya fundi ni kutafuta katikati. Kwa maoni yangu mizani hiyo inaficha zaidi ya inavyoonyesha. Injini ya mbio hupangiwa muda wa kuishi, na yupo mtu aliyekubali kulipa muda huo unapokwisha. Katika miaka ya 1970 mlipaji alikuwa kiwanda. Leo ni mstaafu mwenye gereji nyuma ya nyumba, anayetafuta vipuri ambavyo havitengenezwi tena. Injini ni ile ile, lakini hesabu yake imegeuka, na wengi bado wanaipiga kwa kanuni za kiwanda.

Kwa msomaji ambaye hajaiona, na nadhani wengi hawajaiona isipokuwa ndugu zetu wanaoishi Minnesota, Ontario au Quebec, pikipiki ya theluji ina skii mbili mbele za kukatia kona, na chini ya kiti ina mnyororo mpana wa mpira unaoisukuma. Kampuni ya Polaris, ya mji wa Roseau huko Minnesota, iliunda ya kwanza katikati ya miaka ya 1950. Joseph-Armand Bombardier wa Valcourt, Quebec, alianza kuuza Ski-Doo mwaka 1959. Edgar Hetteen, mmoja wa waasisi wa Polaris, alijiondoa na kuanzisha Arctic Cat katika mji wa Thief River Falls, jimbo hilo hilo. Baada ya hapo mlango ulivunjika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watengenezaji walizidi 100, na mwaka 1971 pekee ziliuzwa karibu mashine nusu milioni Amerika Kaskazini. Kwa wingi huo wa wauzaji, mshindi wa mbio za Jumapili ndiye aliyeuza Jumatatu.

Mashine za mwanzo zilitumia injini ndogo za mipigo minne, za aina iliyozoeleka kwenye pampu na mashine za shambani. Zilikuwa nzito na dhaifu, na oili iliyotulia chini ya injini iliganda kiasi cha kuzuia kuvuta kamba asubuhi ya nyuzi 30 chini ya sifuri. Injini ya mipigo miwili, tu-stroki kama mafundi wanavyoiita, iliondoa shida hizo kwa mpigo. Haina karta ya oili wala valvu za kufungua na kufunga. Inawaka kila mzunguko mmoja badala ya kila miwili. Oili yake huchanganywa moja kwa moja na petroli, jambo ambalo mvuvi yeyote wa Bagamoyo au Lamu mwenye injini ya boti ya zamani analijua kwa mkono, maana ndivyo anavyofanya kila alfajiri kabla ya kuvuta kamba.

Wepesi huo una deni lake. Katika injini ya mipigo miwili petroli ni chakula, ni kibeba oili, na ni kipozeo cha pistoni, vyote kwa wakati mmoja. Petroli ikipungua kidogo tu kuliko hewa, moto unakuwa mkali, oili inapungua na ubaridi unapungua, vitu vitatu kwa sekunde ile ile. Ndiyo maana injini hizi hazichakai taratibu kama ya lori. Zinakwenda vizuri, vizuri sana, halafu zinanoki. Mafundi wa mbio hizi husema injini huwa tamu kuliko siku zote muda mfupi kabla ya kutoboka pistoni, na hiyo si hadithi: mchanganyiko wenye petroli kidogo hutoa nguvu nzuri mpaka pale unapoyeyusha aluminiamu.

Kinachofanya pikipiki ya theluji iwe kesi ya pekee, hata hivyo, ni klachi. Gari na pikipiki ya kawaida zina gia. Injini hupanda, dereva hubadilisha, injini hushuka na kupumua. Pikipiki ya theluji ina puli mbili na mkanda katikati yake, mfumo unaofanana na ule wa skuta za kisasa. Puli ya mbele ina vizito na springi. Vizito vikisukumwa na mzunguko hubana puli, mkanda hupanda, uwiano hubadilika wenyewe. Ukivipanga sawasawa, dereva akishika mafuta yote injini hupanda hadi mizunguko fulani, tuseme 8,500 kwa dakika, na hubaki hapo hapo wakati mashine inaongeza kasi kutoka kusimama hadi mwisho wa njia iliyonyooka.

Maana yake ni kubwa. Injini ya gari la mbio lazima iwe na nguvu katika upana wa mizunguko, kwa sababu gia zinaipeleka juu na chini. Injini ya pikipiki ya theluji inahitaji nguvu mahali pamoja tu. Fundi anaweza kuchonga matundu ya silinda na kukunja eksozi yenye tumbo ili nguvu yote ikusanyike kwenye kilele chembamba, na klachi itaishikilia injini kileleni. Kwa hiyo chombo hiki kilialika uchokonozi kuliko karibu kingine chochote chenye injini. Lakini klachi hiyo hiyo inaiweka injini mahali penye joto na msukosuko mkubwa kuliko pote, na inaiacha hapo bila mapumziko. Kilele cha nguvu na kilele cha mateso ni mizunguko ile ile.

Tupige hesabu ya bei. Chukua injini ya Rotax ya cc 440 iliyotumika kwenye Ski-Doo nyingi, yenye silinda mbili za kipenyo cha milimita 67.5 na mwendo wa pistoni wa milimita 61. Kwa mizunguko 8,000, pistoni inasafiri kwa wastani wa mita 16 kwa sekunde. Kwa mizunguko 10,000 inasafiri mita 20. Si tofauti ya kutisha ukiisikia hivyo. Lakini nguvu inayovuta fimbo ya pistoni kila inapogeuka juu haikui sawia na mizunguko, inakua kwa kipeo cha pili. Kutoka 8,000 hadi 10,000 ni ongezeko la robo ya mizunguko, ila mvuto kwenye fimbo, pini na beringi unaongezeka kwa asilimia 56.

Upande wa pili wa hesabu ni mapato. Mashine ikiwa kasini, adui mkubwa ni upepo, na nguvu inayohitajika kuushinda hukua kwa kipeo cha tatu cha kasi. Kwa hiyo injini ikiongezewa nguvu kwa asilimia 10, kasi ya juu kabisa inaongezeka kwa asilimia kama 3 tu. Kuongeza mbano nako si mgodi wa dhahabu: ukipandisha uwiano wa mbano kutoka 6.5 hadi 7.5, hata kwa hesabu ya kitabuni, isiyojali joto linalopotea, unapata chini ya asilimia 6 ya nguvu. Unacholipa ni joto zaidi na hatari ya petroli kulipuka kabla ya wakati wake, mlipuko ambao hutafuna ukingo wa pistoni kama umeng'atwa na panya.

Siandiki haya kumdhihaki anayetafuta nguvu. Katika mbio za mizunguko michache, anayetoka wa kwanza kwenye kona ya kwanza ana faida ambayo hesabu ya upepo haiielezi: wanaomfuata wanaendesha ndani ya vumbi la barafu analoliacha nyuma, hawaoni, na kabureta zao zinavuta theluji. Nguvu ya kuondokea ina thamani kuliko kasi ya mwisho. Ila hapo mtu aulize vizuri nguvu hiyo inatoka wapi. Mara nyingi sana haitoki kwenye silinda. Inatoka kwenye klachi iliyopangwa sawa, mkanda mpya na misumari ya mnyororo inayouma barafu. Vitu hivyo haviipunguzii injini hata saa moja ya maisha.

Baridi ndiyo inayowaua wengi, na inastahili nafasi ya kutosha, kwa sababu mtu aliyezoea nchi za joto angetarajia kinyume: baridi si inapoza injini? Inapoza, lakini pia inaifanya hewa iwe nzito. Kati ya nyuzi 0 na nyuzi 30 chini ya sifuri, hewa inaongezeka uzito kwa asilimia 12. Kabureta ya kawaida haina akili ya kujua hivyo. Kwa namna inavyovuta petroli kupitia jeti, yaani tundu dogo la kupimia petroli, hewa ikiongezeka asilimia 12 petroli inaongezeka kama nusu ya hapo tu. Mchanganyiko unakuwa na upungufu wa petroli wa asilimia 6 bila mtu kugusa bisibisi. Mafundi wetu wanaijua shida hii kwa upande wake wa pili: pikipiki iliyorekebishwa Mombasa ikipandishwa Nairobi, mita 1,700 juu ya bahari, hewa inakuwa nyepesi kwa asilimia kama 15, petroli inazidi, plagi inakuwa nyeusi na mashine inakosa nguvu. Nairobi kosa hilo linakugharimu petroli na uvivu. Wisconsin kosa la kinyume chake linakugharimu pistoni.

Makosa haya yana tabia ya kusaidiana. Petroli inayouzwa leo vituoni Marekani kwa kawaida ina asilimia 10 ya ethanoli, na ethanoli inahitaji hewa kidogo kuliko petroli halisi. Injini iliyopimwa kwa petroli ya mwaka 1974 inajikuta na upungufu mwingine wa asilimia kama 4. Kisha anakuja mwenye mashine aliyejaa huruma, anaongeza oili kwenye tangi ili ailinde injini. Akitoka kwenye sehemu 1 ya oili kwa 50 za petroli hadi 1 kwa 20, oili imechukua nafasi ya asilimia 3 ya petroli iliyokuwa ipite kwenye jeti ile ile. Kwa nia njema amepunguza tena mchanganyiko. Hakuna hata moja kati ya makosa haya linaloweza kuua injini peke yake, lakini yakikutana asubuhi moja ya baridi kali, kwenye injini iliyochongwa hadi ukingoni, yanaiua kabla ya saa nne.

Ndiyo maana mafundi wazuri wa mbio hizi hutembea na kipimajoto cha hewa na sanduku la jeti, na hufungua plagi baada ya kila mbio kusoma rangi yake. Ikiwa nyeupe, ongeza jeti. Ikiwa kahawia, pumua. Na injini isiyo na moto isishikwe mafuta yote: pistoni hupata joto haraka kuliko silinda, inatanuka, inashika. Injini nyingi za kale zimekufa ndani ya dakika mbili za kwanza, zikiwa bado hazijafika hata kwenye mstari wa kuanzia.

Namna ya kupoza injini ndiyo inayoivunja ile mizani niliyoitaja mwanzo. Mashine za kawaida zilikuwa na feni inayozungushwa na injini. Feni ni salama, ila hula sehemu ya nguvu, na mkanda wake ukikatika bila dereva kujua, hadithi imekwisha. Mashine za mbio za nusu ya kwanza ya miaka ya 1970, kama Polaris Starfire na Mercury Sno-Twister, ziliitupa feni. Mapezi ya silinda yaliwekwa wazi yapigwe na upepo. Uzito ulipungua, nguvu ikaongezeka, uimara ukategemea mwendo: zikisimama mstarini zikinguruma kungoja bendera, hakuna upepo na joto linapanda. Hapo mizani inakubali. Nguvu juu, uimara chini.

Lakini kisha zikaja za kupozwa kwa maji. John Deere, kampuni inayojulikana kwetu kwa matrekta, ilitengeneza Liquifire. Polaris ikatoa TX-L. Yamaha ikatoa SRX 440. Maji yaliishikilia silinda kwenye joto lisiloyumba, kwa hiyo pistoni ingeweza kutoshea kwa ukaribu zaidi, mbano ungeweza kupanda, na injini haikupoteza nguvu kadiri mbio zilivyorefuka. Nguvu na uimara vilipanda pamoja. Ushahidi ulipatikana mwaka 1976, pale Brian Nelson aliposhinda kwa Liquifire katika mbio za maili 500 kutoka Winnipeg, Kanada, hadi St. Paul, Minnesota, ambazo zilichosha mashine kwa siku kadhaa kwenye mashamba, mitaro na mito iliyoganda. Hakushinda kwa kuwa mpole. Alishinda kwa sababu alikuwa na injini iliyoondoa chanzo cha tatizo badala ya kukigawana.

Maji nayo yana masharti. Vipozeo viko chini ya kiti, juu ya mnyororo, na hupozwa na theluji inayorushwa na mnyororo huo. Kwenye barafu tupu isiyo na theluji ya kurusha, mashine inaweza kuchemka katika nchi yenye baridi ya kuua mtu. Wenyeji hawashangai, mgeni hushangaa.

Aina ya mbio hubadilisha swali lote, na ubishi mwingi ungeisha kama watu wangeanza kwa kutaja wanashindana wapi. Njia ya yai ya Eagle River ina sehemu fupi zilizonyooka na kona ndefu. Dereva anaachia mafuta mara mbili kila mzunguko, na injini inapata kupumua. Huko mtu anaweza kuchonga karibu na ukingo na akaishi. Mbio za kunyooka juu ya ziwa ni mvuto mmoja, sekunde chache, na kuna wanaozichokonoa mashine zao bila aibu kwa sababu hiyo. Mbio ndefu za nyika ni jambo jingine kabisa: saa nyingi za kushika mafuta nusu, ambapo sindano ya kabureta ina maana kuliko jeti kubwa, na hatari mpya inaingia. Kwenye mteremko mrefu dereva anaachia mafuta huku mnyororo ukiendelea kuizungusha injini kwa kasi. Petroli imekatika, kwa hiyo oili imekatika. Injini inazunguka kavu.

Mji wa Sault Ste. Marie, jimbo la Michigan, uliwahi kuuliza swali la uimara waziwazi kuliko wote. Watu wa huko, wakichochewa na mbio za magari za Indianapolis, walitaka kujua kama mashine hizi zingeweza kudumu maili 500 kwenye njia ya barafu ya maili moja. Mbio za kwanza zilifanyika mwaka 1969. Mshindi, akiwa na Ski-Doo, alitumia zaidi ya saa 13. Gawanya mwenyewe: wastani wake haukufika maili 40 kwa saa. Mashine za enzi hiyo ziliweza kwenda kasi zaidi ya hapo sana, lakini si kwa muda huo wote, si bila kusimama kurekebishwa. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na mwaka ule ukingo ulikuwa karibu.

Sasa kiwanda. Kuanzia msimu wa 1973–74 kulikuwa na mzunguko wa mashindano ulioitwa Sno Pro, ambamo timu za viwanda zilishindana zenyewe kwa zenyewe. Nyuma ya kila mashine kulikuwa na lori lenye injini za akiba, mafundi wa mshahara na mashine ya kupimia nguvu. Injini ya Ijumaa haikulazimika kuwa hai Jumatatu. Ikitoboka pistoni kwenye mchujo, ilishushwa, nyingine ikapandishwa, na hasara ikaandikwa kwenye fungu la matangazo ya biashara. Kwa mpangilio huo kuchonga hadi ukingoni ilikuwa akili timamu kabisa. Uimara uliohitajika ulikuwa wa dakika chache, na kiwanda kilinunua dakika hizo kwa wingi wa injini.

Hata wadogo walipenya. Gilles Villeneuve, kijana wa Quebec ambaye baadaye aliendesha Ferrari katika Formula One, alitwaa ubingwa wa Eagle River mwaka 1974 akiwa na Alouette, jina ambalo leo wachache wanalikumbuka. Mdogo wake, Jacques, aliutwaa mara tatu katika miaka ya 1980. Villeneuve mkubwa alijulikana kwa kupenda kuchokonoa mashine zake mwenyewe, na si injini peke yake. Alijua kwamba mashine inayokata kona bila kuachia mafuta ina nguvu ambayo haijapimwa kwenye karatasi.

Kisha bei ya mafuta ikapanda, majira ya theluji yakawa haba, na wauzaji wakaanguka mmoja baada ya mwingine. Mercury iliacha pikipiki za theluji mwaka 1976. Katikati ya miaka ya 1980 kati ya kampuni zaidi ya 100 zilibaki nne: Arctic Cat, Polaris, Ski-Doo na Yamaha. Na Yamaha, iliyoingia sokoni mwaka 1968 na SL350, ilitangaza mwaka 2023 kwamba nayo inaondoka. Aliyerithi mashine ya Sno Pro leo amerithi injini iliyoundwa kufa Jumapili, bila lile lori la injini za akiba.

Hapo ndipo uzee unapoingia kama mchezaji wa tatu, ambaye ubishi wa nguvu na uimara kwa kawaida humsahau. Injini iliyokaa miaka 40 ghalani haifanani na ile iliyotoka kiwandani, hata kama haijachokonolewa na mtu. Sili za mpira kwenye ncha za kranki zimekauka. Zinavuta hewa isiyopitia kwenye kabureta, na upande mmoja wa injini unapungukiwa petroli huku mwingine ukiwa sawa. Mwenye mashine anabadilisha jeti mpaka anachoka. Mipira inayoshika kabureta imepasuka nyufa usizoziona mpaka uikunje. Beringi za kranki zimepata kutu pale ziliposimama. Na kranki yenyewe, katika injini nyingi za aina hii, si kipande kimoja. Ni vipande vilivyokandamizwa pamoja. Mkanda ukikatika ghafla kwa kasi, au klachi ikishika kwa kishindo, vipande hivyo vinaweza kujizungusha kidogo, na silinda mbili zikaacha kuwaka kwa mpangilio wake. Injini inatetemeka, fundi anaisingizia kabureta.

Kwa hiyo injini nyingi zinazosemwa zimekufa kwa sababu ya "kupewa nguvu sana" zimekufa kwa uzee uliofichwa na rangi mpya. Nikisikia mtu anasema alirudisha silinda zake kwenye hali ya kiwandani ili apate uimara, swali langu la kwanza ni kama alibadilisha sili. Asipobadilisha, amepoteza nguvu na hajapata kitu.

Wapo wanaosema mashine ya kale iachwe kama ilivyokuwa, na pistoni mpya za kisasa, oili za kisasa na mitambo ya kuwasha ya kisasa ni udanganyifu. Nawaelewa kwa upande wa makumbusho. Kwa upande wa mbio siwaelewi. Platini za miaka ya 1960 zilipoteza muda wake na kusogeza cheche mbele au nyuma bila taarifa, na cheche iliyosogea mbele ni joto. Kiwanda chenyewe kiliziacha mara tu mitambo ya elektroniki ilipopatikana. Kumlazimisha mwenye mashine leo avunje bloku ambayo haipatikani tena, ili aheshimu kifaa ambacho waliokiunda walikikimbia, ni heshima ya ajabu.

Madarasa ya mashindano yanasaidia hapa, kwa kuwa mashine hupangwa kwa umri, kwa cc, na kwa namna zinavyopozwa. Mwenye injini ya feni hashindani na mwenye maji. Ndani ya darasa moja tofauti za nguvu kati ya mashine nzuri ni ndogo, na anayeshinda kwa kawaida ni yule ambaye klachi yake inashika mizunguko sahihi hata mkanda ukipata joto. Injini yenye nguvu kubwa iliyoshikiliwa mizunguko 500 chini ya kilele chake ina nguvu kwenye maneno tu.

Kwa anayenunua au kurithi mashine ya namna hii, mpangilio wa matumizi ninaoutetea ni huu, na najua wapenda kuchonga hawataupenda. Shusha injini kabla ya kuiwasha. Pima unyoofu wa kranki, badilisha beringi na sili, halafu ziba matundu yote na ujaze hewa kwa presha ndogo kama psi 6: isipokaa dakika kadhaa, usiendelee. Baada ya hapo weka fedha kwenye klachi, mkanda, mnyororo na misumari. Tumia petroli isiyo na ethanoli pale inapopatikana, na jeti ichaguliwe kwa kipimajoto cha asubuhi ile. Kuchonga matundu na kupandisha mbano kuje mwisho, na kuje tu kwa mwenye bloku ya pili rafuni. Bloku ya Sno-Twister iliyochongwa kupita kiasi haina mbadala wa kuagiza, maana kiwanda kiliacha kazi hiyo tangu mwaka 1976.